Friji linabaki, cherehani kinaenda: kisa cha mdogo wangu kuhamia nchi ya volti 120

Nilipofika kwa mdogo wangu nilikuta ameshabandika vikaratasi nyumba nzima, kijani maana yake kinaenda, chekundu kinabaki. Friji kijani. Mashine ya kufua kijani. Maikrowevu, pasi, birika la umeme, blenda, feni, vyote kijani. Chekundu nilikiona kimoja tu, kiko kwenye cherehani cha mama, kile cheusi cha umeme ambacho mama alikitumia kutushonea nguo tangu tukiwa wadogo, na nilipomuuliza kwa nini akaniambia kizito halafu kimezeeka, "sasa kaka niende nimebeba chuma ng'ambo, kwa lipi?"

Siku hiyo hiyo vile vikaratasi vikageuka karibu vyote. Naandika kisa chote jinsi kilivyokwenda maana najua kuna familia saa hizi imekaa sebuleni inaulizana swali lile lile, na nyingi zinaanza na swali lisilo sahihi, yaani hiki tulinunua bei gani, wakati swali la kwanza lilitakiwa liwe hiki kinakula umeme wa aina gani na kwa wingi gani.

Hali yenyewe ilikua hivi. Shemeji kapata mkataba wa kazi wa miaka mitatu, wanahama wote wanne, wao na watoto wawili. Huku tuliko umeme ni volti 230 hezi 50, hezi ni idadi ya mawimbi ya umeme kwa sekunde. Wanakokwenda ni volti 120 hezi 60, ule umeme wa Marekani na Kanada. Nyumba waliyopangiwa ina friji na jiko tayari, na mashine za kufua zipo chini ya jengo wapangaji wanatumia kwa pamoja. Mwajiri analipia mzigo wa meli mwisho CBM mbili, yaani mita mbili za ujazo, kikizidi hapo wanajitegemea. Mtoto mdogo ana pumu.

Na kuna kitu lazima nikiseme mapema, mi mwenyewe ndo niliwapotosha mwanzoni. Mwezi mmoja kabla mdogo wangu aliniuliza kwa simu, nikamjibu haraka haraka bila kuuliza chochote, "chukueni tu, mtanunua transfoma kule." Wakapanga mambo yao kwa neno langu hilo. Ningekua nimekaa dakika kumi tu nikafanya hesabu nisingelisema.

Tukaanza kugeuza vitu kusoma maandishi ya chini na nyuma, shemeji ameshika tochi ya simu, mi naandika. Hapo ndo utaona watu wengi wanakosea, maana shemeji alisoma chini ya pasi akafurahi, "hii inakubali kotekote, imeandikwa 50-60Hz." Nikamwambia soma mstari wote. Mstari ulikua unasema 220-240V, 50-60Hz, 2000-2400W. Ile 50-60 ni hezi, inakuambia pasi haijali mawimbi ya umeme, na ni kweli haijali, ila volti bado inataka kuanzia 220. Kitu kinachokubali kotekote kinaandikwa 100-240V na 50/60Hz, vyote viwili. Ukiona namba ya hezi inakubali lakini volti haikubali, jibu ni hapana. Na kinyume chake pia ipo, Korea Kusini na Ufilipino wanatumia volti 220 lakini hezi 60, mtu anayetoka nchi ya 230 anaona volti zinakaribiana anadhani kamaliza kazi, kumbe mota za hezi 50 bado zina shida kule. Ukihamia kutoka nchi ya 230 hezi 50 kwenda nyingine ya 230 hezi 50, basi umebaki na suala la umbo la plagi tu na unaweza kubeba kwa amani.

Halafu adapta ya plagi haigeuzi umeme. Inabadilisha umbo la miguu tu ili iingie kwenye tundu, volti inayopita ni ile ile ya ukutani. Mdogo wangu alikua ameshanunua sita za hizo akiamini zinatosha.

Sasa birika la umeme, hili ndo nililitumia kuwaeleza kila kitu kwa sababu hesabu yake iko wazi. Chini limeandikwa wati 2200 kwa volti 230. Waya wake wa kupasha ni ule ule popote uendapo, kwa hiyo ukilichomeka kwenye 120 nguvu haipungui nusu kama watu wanavyodhani, inapungua kwa kipeo cha pili cha uwiano wa volti. 120 gawa kwa 230, ukizidisha jibu kwa lenyewe unapata kama 0.27. Wati 2200 zinabaki karibu 600. Lita moja na nusu ya maji ya nyuzi 20 ambayo huku inachemka kwa dakika nne hivi, kule itachukua dakika 14 na zaidi, maana muda wote huo maji yanapoteza joto pia. Haliungui, halilipuki, linakua tu halina maana. Anayetoka kule kuja huku ndo hatari, kifaa cha 120 ukikiweka kwenye 230 kinavuta nguvu zaidi ya mara tatu na nusu ya ile yake na kinaweza kuungua muda huo huo.

Shemeji akasema basi si ndo transfoma inapoingia. Sawa, tuweke transfoma, inapandisha 120 iwe 230, birika linapata wati zake 2200. Lakini zile wati zinatoka wapi? Zinatoka kwenye soketi ile ile ya ukutani yenye volti 120, na 2200 ukigawa kwa 120 unapata ampia 18 na ushee, bado hujaweka kinachopotea ndani ya transfoma yenyewe. Soketi za kawaida za vyumbani kule ni za ampia 15. Ampia 15 mara volti 120 ni wati 1800, hapo ndo mwisho wake. Kwa hiyo hata ukinunua transfoma kubwa kiasi gani, zito la kubebwa na mtu mzima kwa mikono miwili, umeme wa ile soketi utajikata au waya za ukutani zitachemka. Nilipowaonyesha hiyo hesabu kwenye karatasi mdogo wangu alinyamaza kidogo, akaenda mwenyewe akabandua kijani kwenye birika, kwenye pasi, na kwenye lile jiko dogo la umeme la sahani mbili ambalo hata nilikua sijaliona. Vitu vya kutengeneza joto vyote vikawa vyekundu kwa pamoja.

(Anayejua atasema nyumba za kule zina volti 240 pia. Ni kweli, jiko kubwa na mashine ya kukaushia nguo huwa zinapewa laini hiyo. Lakini soketi zake ni tofauti kabisa, hezi bado 60, na nyumba ya kupanga huwezi kuanza kubomoa nyaya za mwenye nyumba kwa ajili ya pasi.)

Friji lilituchelewesha. Mdogo wangu analipenda, halina hata miaka miwili, na wati zake ni chache kwa hiyo hesabu ya ampia haikulizuia. Hapa kizuizi ni hezi. Transfoma inabadilisha volti, haigusi hezi hata moja. Stika ya nyuma ilisema 220-240V, 50Hz, hakuna 60. Mota ya kompresa ya aina hiyo mwendo wake unafuata mawimbi ya umeme, kwa hezi 50 inazunguka karibu mara 3000 kwa dakika, ukiipa 60 inakimbilia karibu 3600. Asilimia 20 zaidi, mchana na usiku, kwa mota ambayo haikutengenezwa kwa mwendo huo. Inaweza kwenda miezi, inaweza isifike. Friji mpya za inveta zinageuza umeme ndani kwanza kwa hiyo hezi haziwasumbui sana, ila hata hizo usiende kwa jina la inveta, nenda kwa maandishi ya stika.

Halafu ukubwa wake sasa. Tukalipima, sentimita 60 kwa 65 kwa 170, hiyo ni CBM 0.66 kabla hujaweka mbao na magodoro ya kulikinga. Theluthi moja ya nafasi yao yote ya meli, kwa kitu kinachokwenda kwenye nyumba yenye friji tayari! Kuna mtu wa mizigo aliwashauri kwa ndege, nikawaambia kwa ndege mzigo mkubwa unahesabiwa kwa ujazo, urefu mara upana mara kimo kwa sentimita gawa kwa 6000, kwa hiyo friji lile linalipiwa kama kilo 110 hata kama mizani inasema 60. Na gesi yake ni R600a, isobutani, inawaka, wasafirishaji wanaiuliza hiyo. Friji likawa jekundu. Mdogo wangu alisikitika na mi nilisikitika naye, si kitu kidogo kuacha kitu ulichokinunua kwa jasho na bado kizima.

Mashine ya kufua haikuchukua muda. Ina hita ya wati 2000, mota ya hezi 50, mipira ya maji ina nyuzi za kufungia za kipimo cha Kiingereza, BSP, ambazo ni 14 kwa inchi wakati bomba za mashine za kule ni nyuzi 11.5 kwa inchi, hazikamatani hata ukilazimisha, na zile bolti ndefu za nyuma zinazoshika dramu isicheze safarini shemeji alizitupa siku ya kwanza ilipofungwa. Ukiwa na mashine ya kufua popote duniani zitunze bolti zile, hata kuhama mtaa tu zinahitajika. Ikaenda kwa mama.

Maikrowevu nalo likabaki, transfoma na kapasita zake za ndani zimepangwa kwa hezi 50. Feni pia. Blenda nayo ikabaki. Zile saa za mezani zinazohesabu mawimbi ya umeme, kama unayo, ujue zikitoka 50 kwenda 60 zinakimbia dakika 12 kila saa moja.

Kilichoninyima usingizi kwa kweli ni mashine ya mtoto ya kuvutia dawa ya pumu. Ni ya kompresa, imeandikwa 230V 50Hz, na mdogo wangu alikua ameiweka kijani bila wasiwasi, ndani ya boksi la meli. Fikiria hapo. Mzigo wa meli unafika wiki nyingi baada yao, na ukifika mashine haifai kwa umeme wa kule. Hata ungeipata transfoma usiku wa kwanza, pampu yake imetengenezwa kwa hezi 50, ikipewa 60 haijulikani inasukuma hewa kiasi gani, na dawa ya mtoto si kitu cha kujaribia. Nikamwambia mdogo wangu, hii tuiache tusiibishanie, piga simu kwa daktari wake leo. Daktari akaandika ndogo ya mkononi inayotumia betri na kuchajiwa kwa USB. Waliinunua wiki tatu kabla ya safari, mtoto akaitumia nyumbani mpaka akaizoea, na ikasafiri kwenye begi la mkononi la mama yake pamoja na dawa na barua ya daktari. Ile ya zamani waliiacha. Kama una kifaa cha afya ndani ya nyumba, anza nacho kabla ya friji na kabla ya kila kitu, sisi tulikifikia karibu mwisho na ilikua bahati tu kwamba muda bado ulikuwepo.

Upande wa vinavyokwenda haukua na maneno mengi. Laptopu mbili, chaja zote za simu, ruta, kamera, mswaki wa umeme wa shemeji, zote zimeandikwa 100-240V 50/60Hz, hizi zinataka adapta ya plagi tu, na zile sita zikapata kazi. Pawabenki ikaingia begi la mkononi maana betri za lithiamu zisizo ndani ya kifaa haziruhusiwi kwenye begi la chini ya ndege, na kikomo cha kawaida ni wati-saa 100, yao ya mAh 20000 ukizidisha kwa volti 3.7 ni 74 kwa hiyo iko salama. Kikausha nywele kilitushangaza, kwenye mpini kina kitundu kidogo cha bisibisi chenye alama mbili, 125 na 250. Hicho kinaenda, ila ukifika unageuza kwanza ndo unachomeka, na siku ukirudi nyumbani kusalimia unageuza kwanza tena. Mdogo wangu akafunga karatasi kwenye waya wake ameandika "GEUZA", nikaona ni wazo zuri sana.

TV nilikosea. Imeandikwa 100-240V, umeme hauna neno, lakini nilishikilia ibaki kwa sababu antena yake inapokea DVB-T2 na kule matangazo ya hewani ni ATSC, haitashika hata chaneli moja. Shemeji akaniuliza, "kaka, hivi sisi mara ya mwisho kutumia antena ilikua lini?" Hawatumii. Wanaangalia kwa intaneti na watoto wanachomeka michezo yao kwa HDMI, na hizo mbili hazina nchi. Alikua sahihi, TV ikaenda na boksi lake la awali ambalo alilitunza juu ya kabati, na ilifika nzima.

Tukarudi kwenye cherehani. Nilikiinua mwenyewe nikakilaza kwenye meza, nikapangusa vumbi kwenye kile kibati kidogo cha mota. 220-240V, AC/DC, 85W. Nikakisoma mara mbili. Ile AC/DC ndo jibu, mota yenye makaa ya kaboni inazunguka hata kwa umeme wa betri usio na mawimbi kabisa, kwa hiyo 50 au 60 kwake ni mamoja, inachotaka ni volti tu. Na wati 85, ukiongeza kitaa chake cha 15, ni 100 jumla. Gawa kwa 120, haifiki hata ampia moja. Yaani katika nyumba nzima, kitu kilichokua na kikaratasi chekundu peke yake ndicho hasa ambacho lile neno langu la transfoma lilikifaa. Transfoma ya wati 300 inakitosha na kubaki, ya kwelikweli ya chuma na waya wa shaba, si vile vigeuzi vyepesi vya wasafiri ambavyo vinakata mawimbi tu na vinafaa vitu vya joto peke yake. Nikawaambia wainunue wakifika, ya kupandisha, na kama ina swichi ya pande mbili wahakikishe imekaa 120 kuja 230 kabla ya kuchomeka chochote.

Mdogo wangu akasema lakini uzito. Tukafungua skrubu mbili za bawaba tukakitoa kwenye ubao wake, kichwa peke yake, tukapanda nacho kwenye mizani ya bafuni, kilo 11. Begi la ndege lao moja ni kilo 23. Akakishika ule mkono wa gurudumu, umechakaa rangi pale vidole vya mama vilipokua vinakaa, akakaa kimya, halafu akabandua kile kikaratasi chekundu na hakuweka kingine. Nilitoka nje kidogo na mimi.

Kuhusu forodha, waliandika orodha ya kila kitu kabla ya kuondoka, kinachoenda nao na kinachofuata nyuma, na namba ya mashine kwa kila chenye namba. Kanada kwa mfano wanataka vitu viwe vyako, umevimiliki na umevitumia kabla ya kufika, na vile vinavyokuja baadaye viwe kwenye orodha siku unapoingia, usipoviandika siku hiyo una kazi ya kujieleza. Vifaa vipya vya kwenye boksi havihesabiki kama mizigo ya kuhamia. Hilo lilimfanya mdogo wangu aache kununua kununua vitu vipya dakika za mwisho.

Meli ilichukua CBM moja na nukta tatu, zaidi ni vitabu, vitanda vya watoto na vyombo. Pesa waliyopata kwa friji na maikrowevu ilinunua birika, pasi na blenda za kule wiki ya kwanza.

Juzi kanitumia video, anapunguza mapazia. Sauti ni ile ile, inaanza taratibu halafu inakaza. Kitaa chake kinawaka. Transfoma iko sakafuni kwenye kigae, mbali na zulia, na alipomaliza nikamwona anainama kuichomoa ukutani kama nilivyomwomba, maana ikiachwa kwenye umeme inapata joto na inakula wati hata kama hakuna kinachoitumia.